Barua za madaktari wa Uholanzi na herufi zake zenye utata

Daktari wa Uholanzi akimwandikia mwenzake barua kuhusu mgonjwa, sentensi kamili huwa chache. Kinachojaa ni vifupisho. Mistari minne inabeba historia nzima ya mtu: alipasuliwa nini, moyo wake ukoje, anameza dawa zipi, arudi lini. Mwenzake anaielewa kwa sababu wamepita vyuo vilevile na wodi zilezile. Kazi inaanza pale barua hiyo inapotakiwa kusomwa na daktari wa London, Nairobi au Dar es Salaam ambaye Kiholanzi hakijui. Mimi ndiye ninayekaa hapo katikati.

Nazifasiri barua hizo kwa Kiingereza. Wateja wangu wengine ni Waholanzi wanaohama, au wanaotaka daktari wa nchi nyingine atazame ugonjwa wao. Wengine ni ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioishi huku Uholanzi maisha yao yote ya kazi, sasa wanarudi nyumbani uzeeni na faili la hospitali kwapani. Tanzania na Kenya faili za hospitali huandikwa Kiingereza, kwa hiyo hata Mswahili anayerudi kwa Waswahili wenzake, ugonjwa wake hauna budi kupita Kiingereza kwanza.

Tazama barua yenyewe inavyokuwa. Huu ni mfano niliouunga kutoka barua nyingi ili siri ya mtu isitoke, ila kila kifupisho kilichomo ni cha kila siku:

"Man, 71 jr. VG: HNP L5-S1 wv OK 2011, AF wv aceno. Nu via HA ivm pijn li been. LO: RR 150/85, KPR sym, APR li afw. B/ exp., pcm 4dd1000 zn, co 6 wk."

Anayeizoea anasoma hivi: mwanamume wa miaka 71. VG ni magonjwa ya nyuma: diski ya uti wa mgongo ilichomoza kati ya pingili za L5 na S1, chini kabisa ya kiuno, akafanyiwa upasuaji mwaka 2011, mapigo ya moyo hayana mpangilio, anatumia acenocoumarol ya kuzuia damu kuganda. Sasa ametumwa na daktari wa familia kwa maumivu ya mguu wa kushoto. Presha 150 kwa 85. Refleksi za magoti, yaani mguu kuruka wenyewe goti likigongwa, ziko sawa pande zote mbili. Tungoje kwanza, paracetamol miligramu 1000 hadi mara nne kwa siku akihitaji, arudi baada ya wiki sita. Kuna kipande nimekiruka, nitakirudia.

Ukiniuliza ni kifupisho gani kinanitia hofu zaidi, sitakutajia nisichokijua. Usichokijua hukusimamisha: unafungua kamusi, unauliza, unapata. Cha hatari ni kile ambacho Kiingereza nacho kinacho, chenye maana yake nyingine. Chukua RR. Kwa Mholanzi RR ni presha ya damu, kwa heshima ya Scipione Riva-Rocci, daktari wa Italia aliyeeleza kipimo cha presha cha kufunga mkononi mwaka 1896. Kwa msomaji wa Kiingereza RR ni kasi ya kupumua. Ikiandikwa "RR 150/85" hakuna atakayepotea, maana hakuna anayepumua hivyo. Lakini barua za dharura mara nyingi husema tu "RR laag", yaani RR iko chini. Ukiziacha herufi zile zikavuka kama zilivyo, daktari wa upande wa pili anaona mgonjwa anayeshindwa kupumua, wakati aliyeandika alimwona mgonjwa ambaye presha imeshuka. Hao ni wagonjwa wawili tofauti, na kila mmoja anakimbiliwa kwa namna yake.

HA kwa Mholanzi ni daktari wa familia, kwa Kiingereza huandikwa kwa maumivu ya kichwa. HAP huku ni kituo cha madaktari wa familia cha usiku na wikendi. Kwa Kiingereza ni nimonia iliyopatikana hospitalini. HF ni idadi ya mapigo ya moyo. Kwa Kiingereza ni moyo kushindwa kufanya kazi. BSE ni kipimo cha damu cha kasi ya chembe nyekundu kutuama. Kwa Kiingereza wengi watawaza ugonjwa wa ng'ombe wa kichaa. OK ni chumba cha upasuaji. "Pt naar OK" maana yake mgonjwa kapelekwa kupasuliwa, na nimeshaona tafsiri zilizosema mgonjwa yuko salama.

Sasa AF, ambayo hata ndani ya Kiholanzi haina maana moja. Karibu na acenocoumarol ni mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kwenye mstari wa vipimo vya ini, pembeni ya ASAT, ALAT na gamma-GT, ni kimeng'enya cha alkalini fosfatasi. Kwenye mstari wa presha na joto, ikifuatwa na "16/min", ni kasi ya kupumua. Barua moja inaweza kuwa nazo zote tatu, na daktari hatakuonya. Kwa hiyo nilijizoeza kutosoma kifupisho peke yake. Natazama kiko chini ya kichwa gani cha habari, kimefuatwa na namba gani, namba ina kipimo gani, na barua imetoka idara ipi. Kwa kawaida haya yanatosha.

Herufi dd nazo ni hivyohivyo. "Brief d.d. 3-4" ni barua ya tarehe 3 Aprili, na ikienda Marekani mwezi lazima niuandike kwa jina, la sivyo wataisoma 4 Machi. "DD radiculair dd vasculair" ni magonjwa yanayodhaniwa: labda mzizi wa neva, labda mshipa wa damu. "4dd1000" ni mara nne kwa siku. Hapa nafasi na namba zinakuokoa.

Ila kuna mahali ambapo majirani wote wa kifupisho wananyamaza. Hapo ndipo kilipo kile kipande nilichokiruka: "APR li afw."

APR ni refleksi ya kano ya Achilles, ile daktari anayoipima kwa kinyundo nyuma ya kisigino. Li ni kushoto. Afw. inaweza kuwa "afwezig", yaani haipo. Inaweza kuwa "afwijkend", yaani si ya kawaida. Mahali pengine, kwenye mpango wa matibabu, inakuwa "afwachten", yaani tusubiri. Katika mstari wa refleksi ile ya kusubiri inatoka, lakini hizo mbili za mwanzo zote zinaingia bila kukwaruza sarufi wala mantiki. Refleksi hiyo hupita kwenye mzizi wa neva wa S1, na mtu aliyewahi kupasuliwa diski ya L5-S1 anaweza akawa ameipoteza tangu zamani. Isiyokuwepo tangu miaka hiyo ni kovu la ugonjwa uliopita. Iliyopotea juzi, maumivu ya mguu yakiwa yamerudi, ni habari nyingine: huenda neva inabanwa upya.

Aliyenileta kwenye mstari wa namna hiyo alikuwa mzee mmoja wa Tanga, baharia mstaafu, aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Nilimpigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imekwisha?"

Nikamweleza kwamba kuna neno moja lisiloeleweka kuhusu mguu wa kushoto, nikamuuliza daktari alimwambia nini.

"Mwanangu, yule daktari alinipiga na kinyundo hapa nyuma ya kisigino. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, akageuka akaandika. Mimi hakuniambia kitu."

Kwa maelezo hayo ningeweza kukisia kwamba refleksi haikuwepo. Mtu anayepiga mara tatu huwa anatafuta kitu asichokipata. Lakini makisio yangu hayana nafasi kwenye barua iliyosainiwa na daktari wa neva. Na mimi siwezi kuipigia kliniki nikaulizia ugonjwa wa mtu. Usiri wa mgonjwa huku unalindwa na sheria, na ndivyo inavyopasa. Mwenye haki ya kuuliza ni mgonjwa mwenyewe. Basi tukakaa sebuleni kwake, simu tukaiweka spika, yeye akataja jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha akasema kwa Kiholanzi chake cha bandarini kwamba mfasiri wake yupo na anamruhusu aulize. Msaidizi wa kliniki akaandika swali. Daktari alipiga baadaye: "afwezig", na tangu upasuaji wake wa 2011.

Hapo linakuja jambo ambalo wengi hawalitegemei. Hilo neno la kwanza niliweza kulitumia, kwa sababu lilifungua kifupisho kilichokuwa kwenye karatasi. Lakini "tangu 2011" halikuwemo kwenye barua. Hata kama nimelisikia kwa masikio yangu, sina ruhusa ya kulitia kwenye tafsiri kana kwamba liliandikwa. Tukamwomba daktari aongeze mstari. Akatuma barua iliyorekebishwa: "APR li afwezig (oud)", haipo, ya zamani. Neno lile moja ndilo nililolitaka kuliko yote. Daktari wa Tanga atakapogonga kile kisigino asione kitu, atajua kwamba hajaona jambo jipya, wala hatakuwa na sababu ya kumsafirisha mzee hadi Dar es Salaam kwa kipimo cha MRI kwa ajili ya hilo peke yake.

Mfano mwingine nausema kwa uzito wake. Mama mmoja wa Mombasa, anayewafuata watoto wake Uingereza, alinipa karatasi ya kliniki ya matiti yenye mstari huu: "Mamma re: ca 2 cm, PA volgt." Titi la kulia. Sentimita 2. PA ni uchunguzi wa maabara wa kipande cha nyama, na majibu yatafuata. Na "ca"? Kwa Kiholanzi ca ikiwa na nukta ni "circa", takriban. Ca bila nukta ni kifupisho cha kila siku cha saratani. Madaktari wenye haraka hawaweki nukta. Ukisema ni takriban, sentensi inabaki bila kitu kinachopimwa: takriban sentimita 2 za nini? Ukisema ni saratani, inakuwaje itangazwe wakati majibu ya maabara hayajatoka? Kila upande una hoja, na hakuna unaoshinda.

Singethubutu kuandika neno saratani kwenye karatasi ya mtu kwa kukisia. Wala singethubutu kulifuta kwa kukisia, kisha daktari wa Uingereza amweke kwenye foleni ya wasio na haraka. Nilimwambia, "Mama, hapa pana neno ambalo sitaliandika mpaka walioliandika walieleze." Akaniuliza neno gani. Nikamwambia ukweli wote, kwamba linaweza kuwa hili au lile, kwa sababu mwili ni wake na karatasi ni yake. Akanyamaza kidogo, kisha akachukua simu mwenyewe. Walimjibu kwamba ripoti ya picha ilisema uvimbe wa takriban sentimita 2, na jina la ugonjwa lilikuwa bado halijulikani. Nikaandika hivyo hasa, na kwamba majibu ya maabara bado yanasubiriwa.

Kuna utata ambao hata mwandishi ukimuuliza hakumbuki, au ameshahama hospitali. Hapo nauacha utata uonekane. Naandika kifupisho kama kilivyo, na kwenye mabano ya mraba natoa maana zote zinazowezekana, nikisema ni maelezo ya mfasiri. Mahali pa kawaida kabisa ni "allergie: niet bekend". Inaweza kumaanisha mgonjwa hana mzio wowote unaojulikana. Inaweza pia kumaanisha hatujui kama anao, kwa sababu aliletwa akiwa hajitambui na hakuna aliyeulizwa. Kiingereza kina msemo laini uliozoeleka wa ile maana ya kwanza, na mkono unaukimbilia wenyewe. Nauzuia. Daktari atakayetaka kumchoma mgonjwa penisilini anastahili kujua kwamba swali hilo halijajibiwa.

Hali ni hiyo kwa "gb", yaani hakuna la kutaja. Wafasiri wengi huandika kwamba kiungo ni cha kawaida. Mimi naandika kwamba hakuna kasoro iliyoandikwa, maana hayo ndiyo daktari aliyosema. Kusema kiungo ni kizima ni ahadi ambayo hakuitoa.

Alama nazo zina mambo yake. Mholanzi huandika "koorts - hoesten - POB -", akimaanisha homa hakuna, kikohozi hakuna, maumivu ya kifua hakuna. Kila alama ya kutoa ni ya neno lililo kabla yake. Karatasi ikipita kwenye skana mbovu alama ya mwisho ikafutika, zinabaki alama mbili katikati ya maneno matatu, na msomaji anaziona kama vistari vya kutenganisha orodha. Hapo mgonjwa asiye na homa, kikohozi wala maumivu anageuka kuwa mwenye vyote vitatu. Nikiona orodha ya namna hiyo naomba nakala nyingine, ikiwezekana iliyotoka moja kwa moja kwenye mfumo wa hospitali.

Maneno kamili nayo hayaachi kutega. "Breuk" ni mfupa uliovunjika, na pia ni henia, yaani ngiri, ya tumbo au ya kinena. Lakini Mholanzi akisema "hernia" bila kuongeza kitu, kwa kawaida anasema diski ya mgongo. "Insult" ni kifafa kilichompata mtu, wala hakuna aliyetukanwa.

Namba ndizo watu wanazoziamini kuliko zote. Uholanzi hemoglobini hupimwa kwa milimoli kwa lita. Mwanamke mwenye Hb 8,1 huku yuko sawa. Hiyo ni kama gramu 13 kwa desilita. Ondoa kipimo, ibaki "Hb 8.1" tupu, na daktari wa Nairobi aliyezoea gramu kwa desilita ataona mwanamke mwenye upungufu wa damu unaohitaji kushughulikiwa mara moja. Kwa hiyo kipimo nakiandika kila mara, hata pale daktari alipokiacha kwenye safu ya juu ya jedwali. Namba yenyewe siibadilishi. Hesabu hiyo ni ya daktari. Insulini huandikwa "10E", E ikiwa ni uniti. Kiingereza kingekuvuta uandike U, lakini tume inayokagua hospitali za Marekani iliiweka U kwenye orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa mwaka 2004, kwa sababu U iliyoandikwa kwa mkono husomeka kama sifuri, na 10 inakuwa 100. Naandika neno zima.

Wapo wanaonilalamikia kwa mabano yangu. Ofisi moja iliyokuwa ikinipa kazi ilitaka barua zisomeke vizuri, bila maelezo ya mfasiri. Walisema maelezo yanamfanya mfasiri aonekane hajui. Programu za kutafsiri nazo zimewazoesha watu hivyo: ukizipa "afw." zinachagua maana moja, zinaiweka ndani ya sentensi nzuri, na hakuna dalili yoyote kwamba palikuwa na njia panda. Mimi nimekula kiapo mahakamani, na tangu mwaka 2009 kuna sheria maalumu ya wafasiri walioapishwa yenye rejista yake. Kiapo changu kinanifunga niwe mwaminifu kwa kilichoandikwa. Kilichoandikwa kikiwa na mlango wa pande mbili, uaminifu ni kumwonyesha msomaji pande zote mbili. Ofisi ile niliiacha.

Kwa ndugu walio huku wanaojiandaa kurudi, nina maombi machache. Sheria ya Uholanzi tangu mwaka 1995 inakupa haki ya kupata nakala ya faili lako, basi iombe ukiwa bado huku, kabla ya tiketi kukatwa. Omba barua ya kutoka hospitalini pamoja na majibu ya maabara yenye vipimo vyake, maana barua peke yake haitoshi. Nenda duka lako la dawa uombe orodha ya dawa kwa majina ya dawa zenyewe, si ya kibiashara tu. Ascal, kwa mfano, ni jina la kibiashara la dawa ya jamii ya aspirini, na madaktari wengi wa nje hawaijui kwa jina hilo, na acenocoumarol ni ngeni kwa wengi waliozoea warfarin. Kisha siku ya mwisho kliniki, kaa na daktari wako, weka kidole kwenye kila kifupisho kilichokaa karibu na jina la kiungo au la dawa, na umwombe akiandike kwa kirefu kwa kalamu yake mwenyewe, atie saini pembeni.